Maua ya Nyuma ya Jikoni

Mlimani, Kivu ya Kusini
3 Oktoba 2023

Mama Gloire, mke wangu,

Pokea salamu za bwana yako Stany, ambaye bado ana mikono miwili, miguu miwili na njaa ile ile unayoijua. Nisalimie binti yetu Gloire, umwulize kama jino la mbele limeshaota. Nisalimie mama, aache kulala na redio sikioni akisikiliza habari za vita. Na mdogo wangu Guelord, kama bado anakuja kula kwako bila kualikwa, msalimie pia. Najua anakuja.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Komanda amekusanya simu zote za kikosi, anasema adui anazitumia kujua tulipo. Amezifungia ndani ya sanduku la risasi, na ufunguo anautembeza shingoni. Basi nimerudi kwenye kalamu, kama zile siku ulipokuwa masomoni kwa masista na baba yako hakutaka hata kusikia jina langu. Barua zetu atazibeba tata Amadi, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Yeye huvuka ziwa mpaka Kalemie, na kutoka huko mali yake hupanda malori hadi Kolwezi. Mke wake Asia atakuletea pale sokoni Musonoi. Karatasi ikinuka samaki, usinilaumu mimi.

Huku si kubaya sana. Komanda aliposikia kwamba nilikuwa mchimbaji Kolwezi, alinipa koleo. Wenzangu wanapanda mbele, mimi nabaki nyuma nachimba. Kwa hiyo tulia.

Sasa tumbo. Nilipoondoka lilikuwa linanipiga mateke mgongoni tukilala. Mtoto akija kabla yangu, jina ni hili, maana najua bila neno la baba hakuna atakayethubutu kumpa. Mvulana ni Kalonji, kama marehemu baba. Msichana ni Mbelu, kama mama. Ila mama usimwambie sasa. Nataka alisikie siku atakayompakata.

Jioni huku ni ndefu. Nina hamu nawe mpaka naona aibu kuandika.

Wako,
Stany


Musonoi
26 Novemba 2023

Tata Gloire,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwako. Gloire ni mzima, jino limeota, limeota pembeni, sasa akicheka anafanana na wewe. Mama yako ni mzima, miguu tu inamsumbua mvua ikikaribia. Guelord anakula. Unajua kuuliza.

Barua yako nimeipata jana. Asia anasema ziwa lilichafuka, mali ya bwana wake ikakaa Kalemie muda mrefu ikingoja lori. Ilinuka kweli. Paka wa jirani alinifuata toka sokoni mpaka mlangoni. Laiti ingefika mapema, lakini ziwa halisikilizi mtu.

Mimi ni mzima. Nimeanza tena kutwanga majani ya muhogo na kuuza sombe sokoni, mikono yangu imerudi kuwa ya kijani. Jirani yetu mama Florentine, bwana yake amefungua shimo la madini ndani ya sebule, wamelifunika kwa hema ili wapita njia wasione. Mchana nikikaa ndani nasikia sururu zao chini ya sakafu yangu. Mtaa mzima umekuwa hivyo. Watu wanachimba pale walipokuwa wanakula.

Majina yote mawili nimeyasoma. Ni majina mazuri. Mama yako sijamwambia.

Funika kifua, usilale na nguo mbichi. Najua unafanya hivyo nisipokuwepo.

Joyeuse


Mlimani
7 Januari 2024

Mama Gloire,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote. Sisi tulikula mchele na maharagwe, na mwenzetu mmoja mwenye sauti nzuri akatuimbia mpaka komanda akamwambia anyamaze. Kimya kikawa kibaya kuliko wimbo wake, ambao nao haukuwa mzuri.

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu. Umeniandikia jino, umeniandikia paka, umeniandikia miguu ya mama, halafu mtoto hata neno moja! Najua mchezo huo. Umeungana na mama mnifiche mpaka nije nione mwenyewe kama ni Kalonji au Mbelu. Sawa, nimekubali. Lakini nikuambie ukweli, nafikiri ni msichana. Juzi nikiwa kazini nilijikuta nasema Mbelu, Mbelu, bila sababu.

Sasa jambo kubwa. Nimewaza sana juu ya maisha yetu. Sitaki kuzeeka katika mavazi haya. Nikipata njia ya kuacha jeshi, niikute nyumbani kazi ya kushika. Kama mtaa mzima unachimba, kwa nini sisi tukae juu ya mali tukiuza sombe? Unakumbuka pale nyuma ya jikoni, kati ya ukuta na choo, yanapoota yale maua madogo ya buluu kila masika? Hayo ni maua ya shaba. Mchimbaji yeyote wa Kolwezi akiyaona yamejazana mahali pamoja, haulizi tena. Shaba na kobalti viko chini yake. Nimemwandikia Guelord karatasi yake ndani ya bahasha hii, nimemchorea ramani ya kiwanja. Aanze hapo hapo penye maua. Mpe bukari ya kutosha, ugali wa kushiba, kazi ile inataka tumbo.

Mbusu mtoto, huyo mnayemficha.

Stany


Musonoi
11 Februari 2024

Tata Gloire,

Salamu. Sote tunapumua. Gloire amekuwa wa tatu darasani, anaomba umwandikie yeye peke yake, si kwenye barua ya mtu mwingine. Mama yako anakusalimu.

Karatasi ya Guelord nimempa, kwa sababu ilikuwa na jina lake. Lakini mimi nasema hapana. Nyuma ya jikoni hapachimbwi.

Usinikasirikie kabla hujasikia. Ukuta wa mama Florentine umepasuka toka chini mpaka dirishani. Gloire anacheza huko nyuma. Mama yako anaanika mihogo yake hapo hapo, amesema jua la pale ndilo linalomfaa, na wewe unamjua mama yako akishasema. Kama ni lazima kuchimba, kuna upande wa uzio, kuna mbele ya nyumba, kuna sebule nzima, achimbe hata chini ya kitanda changu. Si pale.

Guelord alikuja na sururu na wenzake wawili. Akazunguka nyuma na ramani yako mkononi akitafuta maua. Hakuyaona. Akaniuliza, kama anavyoniita dada yake mkubwa, "Yaya Joyeuse, ile maua kaka anasema, iko wapi? Masika njo hii." Nikamwambia labda wewe umesahau, labda yalikuwa kwa jirani. Akakuna kichwa akaenda kula.

Stany, unaniandikia mambo ya kurudi, lakini hujaandika unarudi lini. Kitanda hiki kimekuwa kipana mno. Nikigeuka sikuti mtu, na mchana kutwa nasikia watu wakigonga chini ya miguu yangu. Siwezi kukuambia jinsi ninavyochoka.

Joyeuse


Mlimani
17 Machi 2024

Joyeuse,

Nisalimie mama na Gloire. Barua ya Gloire imo ndani, ni yake peke yake, usiifungue.

Mimi sijasahau kitu. Kiwanja kile nilikinunua mwenyewe, nimekojoa kila kona yake kabla choo hakijajengwa. Maua yapo. Na Guelord ameniandikia kwa mkono wa Amadi kwamba alirudi asubuhi moja bila kukwambia, akakukuta umepiga magoti nyuma ya jikoni unang'oa majani na kuyatia motoni kwenye mbabula ya makaa. Unang'oa maua ya shaba, Joyeuse. Kwa nini?

Nimewaza kila namna. Nimewaza labda umeshauza ile sehemu kwa mtu. Nimewaza labda kuna mwanaume mwingine anayekushauri, anayengoja nifie huku ili achimbe yeye. Nakuandikia ninavyowaza, kwa sababu hapa hakuna wa kunituliza. Barua tatu nimekutumia. Mtoto wangu hata jinsia yake siijui. Mwanzo nilicheka. Sasa sicheki.

Nimetia sahihi karatasi nyingine kwa Guelord. Baada ya Pasaka achimbe nyuma ya jikoni, maua yawepo, yasiwepo. Hilo ni neno la mwenye nyumba.

Stany


Musonoi
14 Aprili 2024

Stany,

Leo sitaanza na jino wala na paka.

Mtoto wetu alizaliwa tarehe mbili Novemba. Hakulia. Alikuwa msichana, ana nywele nyingi, ana vidole virefu vyako. Wakamfunika vizuri wakanipa nimshike, na alikuwa bado na joto langu mimi, kwa hiyo kwa kitambo nilidhani wamekosea.

Mama yako alinikataza kukuandikia. Aliniketisha akaniambia, "Usimwandikie. Mutu iko mu vita, hapana kumupatia kilio. Atawaza ile tu, atasahau kuinamisha kichwa." Akamkataza Guelord, akamkataza hata Asia. Nikatii. Kila barua niliyokuandikia nilikuwa naogopa sentensi moja itakuua. Ndiyo maana nilikuandikia paka.

Desturi ya mama zetu unaijua, ingawa wanaume mnajifanya hamuijui. Mtoto ambaye hakulia hapelekwi makaburini. Hakuna matanga, hakuna viti, wanaume hawaitwi. Mama zake wanamlaza karibu na jikoni ili asikae mbali na sauti ya nyumba. Na mahali penyewe haambiwi mwanaume yeyote kabla ya baba yake. Waliponiuliza wapi, nikasema nyuma, kati ya ukuta na choo, kwa sababu majani yalikuwa yameanza kuchipua na nilijua yatatoa maua. Sikuwaza shaba. Niliwaza kwamba atakuwa na kitu kizuri juu yake.

Halafu wewe ukamchorea Guelord ramani.

Ndiyo, nilikuwa nayang'oa. Kila asubuhi nimepiga magoti juu ya mwanangu nikang'oa maua yake, yakiota nang'oa tena, ili shemeji yangu asione ishara. Mama yako akamwaga mihogo yake juu kunisaidia. Hakuna mwanaume, Stany. Kuna vikongwe viwili na mihogo, maana mimi nami nimezeeka mwaka huu. Neno lako lile liliniuma, na bado linauma, sitalificha.

Jina hana, kwa sababu baba alikuwa hajasema. Jina lako lilifika wiki tatu baada ya kumzika, likinuka samaki.

Sasa sikiliza. Guelord amepata karatasi yako ya pili. Ameanza upande wa uzio kwa sababu nimetandika mkeka nyuma ya jikoni na ninashinda hapo na sombe yangu, natwanga hapo, nauza hapo hapo. Mama yako amemwomba aache. Amejibu, "Mama, mi nafuata tu karatasi ya kaka. Munipe sababu." Sababu hatuwezi kumpa mpaka wewe ujue. Sasa umejua. Amesema mwisho wa Mei anahamia hapa, mkeka uwepo usiwepo. Tafadhali andika upesi. Nimemwambia Asia barua hii isilale kwake hata siku moja.

Joyeuse


Mlimani
28 Aprili 2024

Mke wangu Joyeuse,

Tata Amadi amevuka ziwa na barua yako peke yake, bila mzigo. Akanipa mkononi, akaenda kuswali mbali kidogo asinione usoni. Alikuwa anajua. Kumbe ni mimi tu nilikuwa sijui.

Nisamehe lile neno. Nisamehe na zile barua nilizocheka ndani yake.

Nilikuambia kazi yangu ni koleo. Sikukuambia ni ya nini. Ninazika, Joyeuse. Komanda aliuliza nani anajua kuchimba haraka katika mawe, nikanyoosha mkono, nilidhani ni mahandaki. Wanashushwa toka mbele nami nawapokea. Yule mwenye sauti nzuri wa mwaka mpya nimempokea Machi, siku ile ile niliyokuandikia vibaya. Padri hafiki huku, basi mimi ndiye ninayesema jina la kila mmoja kwa sauti kabla ya udongo wa kwanza. Nimejiapia asifunikwe mtu bila jina lake. Nimefanya hivyo kwa watoto wa watu wengine, na wangu nimemchorea ramani ya kumfukua.

Niambie mambo ya kazi, maana hayo ndiyo ninayoyaelewa. Mlichimba mpaka wapi? Nani alishika koleo? Udongo ulikuwa wa aina gani? Mvua za Kolwezi unazijua, shimo fupi huoshwa. Usinifiche hata kidogo. Nataka niwe nimefika pale hata kwa kusikia.

Karatasi ya Guelord imo ndani. Nimemwandikia aache, na kwa nini. Karatasi zangu nyingine zote azichome.

Na hii msomee mama kwa sauti, Guelord akiwepo, na Gloire pia: Mimi Stany, baba yake, nasema binti yangu anaitwa Mbelu.

Nilikuwa nachimba nikisema jina lake, unakumbuka nilikuandikia? Alikuwa ameshalala muda mrefu, nami nilikuwa namwita.

Nimeinamisha kichwa. Mwambie mama.

Stany


Musonoi
26 Mei 2024

Tata Gloire na Mbelu,

Salamu kutoka kwetu sote, na Guelord, ambaye ameomba jina lake liandikwe la kwanza katika wanaokuomba msamaha.

Barua yako ilikuja Alhamisi. Asia aliacha beseni lake la samaki bila mtu sokoni, akaja mbio mpaka kiatu kikakatika. Nilikuwa juu ya mkeka. Guelord alikuwa ameshaleta kamba na ndoo nyuma ya jikoni, amekaa anangoja nichoke. Nikampa karatasi yake. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaanza kurudi nyuma taratibu akiangalia alipokanyaga, mpaka akagonga ukuta. Alilia kama mtoto, Stany. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza, mama yako alimbembeleza.

Kisha nikawasomea neno lako. Mama yako alikuwa anageuza mihogo. Aliposikia jina aliacha mkono hewani. Akasema, "Kumbe mi njo nilizika jina yangu." Akakaa chini palepale katikati ya mihogo mpaka jua likageuka. Nadhani ndiye aliyekuwa anamlilia kuliko sote, na hakuwa na ruhusa.

Uliuliza. Nakujibu kama ungekuwa msimamizi wa shimo. Koleo ni lako, lile la mpini uliofungwa waya. Alianza mama yako, mgongo ukamshinda, mimi nikaingia, damu yangu ikiwa bado inatoka, hawakuweza kunizuia. Juu udongo mweusi laini, chini mwekundu, halafu mawe ya kijani. Mama yako akasema inatosha, shimo lilikuwa linafika kiunoni mwangu. Nikaendelea mpaka kifuani. Nilijua utakuja kuuliza. Mvua zote zimepita na halikubonyea hata kidogo.

Lile shimo la uzio Guelord amelifukia lote, amelishindilia kwa miguu. Leo amekuja kula, na kwa mara ya kwanza amebisha hodi.

Mkeka nimeukunja. Jana tulisimama pale nyuma, sisi wanne, na Gloire akalisema jina kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu nilimwambia wewe uko mbali. Labda ulisikia. Usipojibu upesi nitasema ni ziwa, nitasema ni lori. Lakini jibu. Mimi sina tena la kukuficha, na siku zimekuwa kimya sana bila kazi ya kuficha.

Leo asubuhi nilipiga magoti kwa mazoea. Masika yamekwisha, lakini yamechomoza mawili, ya buluu, madogo. Mkono ulishakwenda. Nikaurudisha, nikayaacha.

Joyeuse